Kijiji kilichochonga jukwaa kwenye jabali

Msomaji, pindi mtu anapotaja mchezo wa kuigiza huko Uingereza, aghalabu fikira hukimbilia London, kwenye majumba makubwa yenye mapazia mekundu, ama Stratford alikozaliwa William Shakespeare. Huko nenda ukipenda. Lakini iwapo siku moja utajaliwa kufika nchi hiyo, kwa masomo au kumtembelea jamaa, nakusihi uweke akiba ya nauli uende mbali zaidi, hadi pale kisiwa kinapokwisha kwa upande wa kusini magharibi na bahari ya Atlantiki kuanza. Jimbo hilo huitwa Cornwall, na katika vijiji vyake utakuta michezo inayoigizwa na muuza nyama, muuguzi, mvuvi na mwalimu wa shule ya msingi, watu wasiolipwa hata peni moja.

Safari ni ya takriban saa tano kwa garimoshi kutoka stesheni ya Paddington jijini London hadi mji wa Penzance, ambako reli inakomea. Tafuta kiti upande wa kushoto. Karibu na Dawlish, katika jimbo la Devon, reli hupita ukingoni kabisa mwa bahari, na siku ya upepo mawimbi hurusha maji hadi kwenye madirisha ya mabehewa. Mnamo Februari 2014 dhoruba iliubomoa ukuta wa bahari mahali hapo, reli ikabaki ikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na garimoshi halikupita tena hadi Aprili.

Kutoka Penzance panda basi liendalo upande wa Land's End. Barabara ni nyembamba, imebanwa na kuta za mawe na vichaka, hata magari mawili yakikutana mara nyingi mojawapo hulazimika kurudi kinyumenyume. Madereva wetu wa matatu wangeteseka sana huko. Hakuna pa kuchomekea. Baada ya mwendo wa kilomita kama 15 basi huteremka bondeni, nawe unafika Porthcurno.

Ni kijiji kidogo mno. Nyumba chache, bonde, na ufuo wenye mchanga mweupe wa kombe zilizosagika. Hata hivyo usikidharau, kwa maana huenda babu wa babu yako alikitegemea bila kukijua. Mwaka wa 1870 waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifikishwa katika ufuo huo, ukaiunganisha Uingereza na Bombay. Mwaka wa 1879 waya mwingine ukatandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Tangu hapo telegramu ya mfanyabiashara wa Unguja iliyokwenda London iliweza kupokewa na kijana aliyeketi Porthcurno, huku akisikiliza mawimbi yale yale utakayoyasikia wewe. Jengo la zamani la shughuli hizo huko Shangani, Zanzibar, siku hizi ni hoteli. Porthcurno nako kituo kilifungwa mwaka wa 1970, na mapango yaliyochimbwa na wachimba madini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ili mitambo isipigwe mabomu na Wajerumani, sasa ni makumbusho. Yatembelee asubuhi. Jioni ina kazi nyingine.

Jioni panda njia ya mawe upande wa magharibi wa ufuo. Ni mwinuko mkali na utahema. Ukifika juu utaona jambo litakalokufanya usimame: chini yako jabali limekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ni safu ya viti vya mawe, saruji na nyasi. Chini kabisa pana jukwaa, na nyuma ya jukwaa hakuna pazia wala ukuta bali bahari tupu hadi upeo wa macho. Hapo ndipo Minack, jina ambalo katika lugha ya zamani ya Cornwall lina maana ya mahali penye mawe.

Mgeni akiliona mara ya kwanza hudhani ni kazi ya Warumi. La hasha. Ni kazi ya mwanamke mmoja na watu wachache waliomsaidia, na ilianza kwa sababu watu wa kijiji walitaka mahali pa kuigizia.

Mwanamke huyo aliitwa Rowena Cade. Alizaliwa mwaka wa 1893 karibu na mji wa Derby katika familia yenye mali. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifanya kazi ya kuchagua na kufunza farasi waliopelekwa vitani. Baba yake alipofariki, yeye na mama yake walihamia Cornwall. Akanunua rasi ya Minack kwa pauni 100 na kujenga nyumba juu ya jabali. Mwaka wa 1929 wanakijiji waliigiza mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, katika shamba la majani karibu na hapo. Rowena alisaidia kushona maleba. Mchezo ukapendwa, ukarudiwa mwaka uliofuata, na waigizaji wakaamua kwamba safari nyingine wangecheza The Tempest, kisa cha dhoruba, merikebu iliyovunjika na kisiwa chenye uchawi.

Sasa mchezo kama huo utauchezea wapi? Rowena alitazama genge lililo chini ya bustani yake, akaona bahari, akasema mahali ni hapo. Katika majira ya baridi ya 1931 na 1932 yeye na mtunza bustani wake, Billy Rawlings, walihamisha mawe na udongo kwa mikono hadi wakapata jukwaa na viti vichache. Kiangazi cha 1932 The Tempest ikaigizwa. Taa zilikuwa za betri na za magari, pamoja na umeme hafifu uliovutwa kutoka nyumbani kwake. Watazamaji waliteremka wakishikana mikono gizani.

Lau mambo yangekoma hapo, kingekuwa kisa kizuri cha usiku mmoja. Lakini Rowena Cade aliendelea kujenga kwa miaka hamsini. Vita vya Pili vilipokuja, pwani ilizungushiwa seng'enge na jukwaa likaharibika. Mwaka wa 1944 watengenezaji wa sinema ya Love Story walikuja kupiga picha hapo, hali ya hewa ikawafukuza. Vita vilipokwisha akaanza upya. Kukata mawe kulikuwa ghali, basi akatumia saruji: alibeba magunia ya mchanga kutoka ufuoni akipanda njia ile ile iliyokutoa wewe jasho, akakoroga saruji, na kabla haijakauka akachora nakshi juu yake kwa ncha ya bisibisi kuukuu. Tazama migongo ya viti utakapoketi. Utaona yamechorwa majina ya michezo na miaka iliyochezwa, kila kiti kumbukumbu yake.

Kuna kisa ambacho wenyeji hupenda kukisimulia. Meli ya Kihispania ilivunjika, bahari ikatupa mbao nzito ufuoni. Rowena akazibeba moja baada ya nyingine hadi juu. Maofisa walipokuja kuulizia mbao hizo hakukana. Akasema ndiyo, nimechukua mbao. Wakamtazama kibibi yule mwembamba, wakaona ni muhali awe amebeba magogo wanayoyatafuta, wakaenda zao. Mbao zikawa chumba cha waigizaji kubadilishia mavazi.

Alifanya kazi hiyo hata baada ya kutimiza miaka 80. Mwaka wa 1976 aliikabidhi Minack kwa wadhamini iwe mali ya umma, na akafariki Machi 1983, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 90.

Siku hizi Minack ina sifa, na makundi yanayotoka mbali, mengine ya ridhaa na mengine ya kulipwa, huja kuigiza tangu majira ya kuchipua hadi vuli. Nunua tikiti mapema. Mchezo wa jioni wa mwezi Juni huanza jua likiwa bado linawaka, kwani katika pembe hiyo ya dunia jua la Juni hutua baada ya saa tatu usiku. Utashuhudia anga ikigeuka rangi nyuma ya waigizaji, mashua zikirudi, na siku nyingine pomboo wakipita. Hapo masikini mwigizaji, hata awe hodari vipi, hupoteza watazamaji wote kwa dakika nzima. Pomboo hawajui kwamba mfalme anakufa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mambo haya ni ya Minack peke yake. Minack ni maarufu kwa sababu ya jabali. Desturi yenyewe imeenea Uingereza nzima. Karibu kila kijiji kina ukumbi wake, vingi vikiwa vilijengwa kuwakumbuka vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Simama kwenye ubao wa matangazo mlangoni usome. Jumatatu, mkutano wa chama cha akina mama, chama ambacho tawi lake la kwanza nchini humo lilianzishwa mwaka wa 1915. Jumatano, karata za wazee. Jumamosi, mauzo ya mitumba na keki za kuchangia paa la kanisa. Na pembeni karatasi iliyoandikwa kwa mkono: tunahitaji wanaume wawili na mtu wa kupaka rangi mandhari, mazoezi ni Alhamisi.

Wanaume wawili hao ni taabu kuwapata kila mwaka, kila kijiji. Sijui kwa nini wanaume huogopa jukwaa kuliko wanavyoogopa baridi ya bahari. Aghalabu hupatikana mmoja, na wa pili ni mume wa mwenyekiti.

Mchezo wa kukaza roho kuutazama ni ule wa vichekesho unaochezwa wakati wa Krismasi na Januari, uitwao pantomimu. Hadithi ni za watoto, kama ile ya Cinderella. Sheria zake ni za ajabu: kibibi lazima awe mwanamume mzima aliyevaa gauni na kupaka rangi mdomoni, na mara nyingi kijana shujaa huwa ni msichana. Adui huingia kutoka upande wa kushoto, na akiingia watazamaji wote humzomea. Akisema jambo, ukumbi mzima humkatalia kwa sauti moja. Akikataa tena, wanamkatalia tena. Mtu aliyelelewa kwa hadithi hadithi, hadithi njoo, hatahitaji kufundishwa. Mtoto wako atakuwa amesimama juu ya kiti kabla ya dakika tano.

Je, wanaigiza vizuri? Nitakueleza ukweli: wengine ndiyo, wengine hapana. Kando ya jukwaa huketi mtu mwenye kitabu anayenong'ona maneno wakati mwigizaji amesahau, na mara nyingine mnong'ono huo husikika hadi safu ya mwisho. Mandhari huyumba mlango ukifungwa kwa nguvu. Lakini yule shetani mwekundu anayezomewa ndiye aliyekuuzia mayai jana, na malaika ni mwalimu wa binti yako. Kicheko kinachotoka hapo hakipatikani London kwa tikiti ya bei yoyote. Wakati wa mapumziko kuna chai, na bahati nasibu yenye zawadi ya chupa ya mvinyo au kikapu cha matunda. Fedha hukarabati paa la ukumbi, ili mwakani wapate mahali pa kuyumbisha mandhari tena.

Kiswahili kimewapa watu hawa jina zuri: waigizaji wa ridhaa. Maana yake wamefanya kwa kupenda wenyewe, hawakutumwa wala kuajiriwa. Na ukitaka kuona ridhaa inaweza kumfikisha mtu wapi, rudi Penzance ushike barabara ya pwani kilomita tano hadi kijiji cha wavuvi kiitwacho Mousehole. Ukiyasoma maandishi yake ni shimo la panya. Wenyeji hutamka Mauzel na watakusahihisha kwa upole.

Tangu mwaka wa 1963 wanakijiji wa Mousehole wamekuwa wakipamba bandari yao kwa taa za Krismasi, kazi yote ya kujitolea. Desemba 23 husherehekea kumbukumbu ya Tom Bawcock, mvuvi anayesimuliwa kwamba alitoka baharini katika dhoruba wakati wa njaa akarudi na samaki wa kulisha kijiji kizima. Siku hiyo hupikwa mkate wa samaki ambao vichwa vyake vimechomoza juu ya unga vikitazama mbingu. Usiogope, ladha ni nzuri kuliko sura.

Ila siku nne kabla ya sherehe hiyo, usiku wa Desemba 19, taa hufifishwa kwa muda wa saa moja.

Usiku huo mwaka wa 1981 meli ya mizigo iliyoitwa Union Star iliharibikiwa injini katika dhoruba kali karibu na pwani hiyo, ikiwa na watu wanane. Helikopta ilijaribu ikashindwa. Mashua ya uokoaji, Solomon Browne, ikashushwa majini kutoka Penlee nje kidogo ya kijiji, ikiwa na wanaume wanane, wote wa kujitolea. Nahodha alikataa kuchukua wawili wa nyumba moja, na kijana wa miaka 17 akaachwa nchi kavu kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kupanda. Redioni walisikika wakisema wamewatoa watu wanne. Baada ya hapo kimya. Watu wote 16, waokoaji na waliokuwa wakiokolewa, walikufa.

Mmoja wa waokoaji alikuwa mwenye baa ya kijiji, na ndiye aliyekuwa ameziwasha taa za Krismasi muda mfupi kabla. Baada ya msiba zilikaa gizani. Siku tatu baadaye mjane wake akaomba zirekebishwe na kuwashwa tena.

Nimekusimulia haya katika makala ya maigizo kwa sababu moja. Katika kijiji kidogo kamati ya taa, kundi la maigizo na mashua ya uokoaji huchota maji kisima kimoja. Pakihitajika mtu, anayeitikia ni yule yule aliyeitikia mwezi uliopita.

Kisima hicho sasa kinapungua. Nyumba za vijiji vya pwani ya Cornwall zina mandhari mazuri, na matajiri wa mijini wamezinunua kwa wingi ili wazitumie wiki chache za likizo. Bei imepanda kupita uwezo wa mvuvi au muuguzi kijana. Tembea Mousehole jioni ya Februari uhesabu madirisha yenye mwanga, utamaliza upesi. Katika mji jirani wa St Ives wapiga kura waliamua mwaka wa 2016, kwa zaidi ya asilimia 80, kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya watu watakaoishi humo mwaka mzima. Mnamo Aprili 2025 baraza la Cornwall lilianza kuwatoza wenye nyumba za likizo kodi maradufu. Hatua hizo ni za haki, kwa maoni yangu, ingawa zimechelewa. Mwenye nyumba ya likizo huja kutazama mchezo na hutoa mchango mnono, sikatai. Lakini mazoezi ni Alhamisi za Novemba, na mashua ya uokoaji inamtaka mtu anayelala mwendo wa dakika chache kutoka bandarini.

Hawa ni watu waliokwisha kupoteza mengi. Hapo Mousehole ndipo alipoishi Dolly Pentreath, muuza samaki aliyefariki mwaka wa 1777, ambaye husemekana kuwa wa mwisho kukua akizungumza lugha ya Cornwall kama lugha ya mama. Ukipata siku ya ziada nenda St Just, ambako katikati ya mji pana uwanja wa mviringo wenye ukingo wa mawe. Viwanja vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa kumbi za maigizo za Wakornwall zama za kale, nao waliigiza humo kwa lugha yao. Michezo mitatu ya dini ya karne ya 14, iitwayo Ordinalia, imehifadhiwa katika maktaba ya Oxford. Mwanzoni mwa karne hii wakazi wa St Just waliifufua wenyewe, wakubwa kwa watoto, na mwaka wa 2021 wakaiigiza tena. Ukiwaita Waingereza, baadhi yao watanuna; sema Wakornwall.

Kwa hiyo ukienda, usiende Agosti peke yake pamoja na umati wote. Nenda Januari uketi katika ukumbi wa kijiji, ununue tikiti ya bahati nasibu, umzomee shetani. Kiangazi nenda Minack ukiwa na sweta, blanketi, mto wa kukalia na koti la mvua, hata kama kumepambazuka jua. Mwavuli uache, utamziba aliye nyuma yako. Mvua ikinyesha mchezo huendelea, waigizaji wakilowa nawe ukilowa, isipokuwa dhoruba iwe ya kuhatarisha maisha. Rowena Cade aliliwazia jambo hilo. Alipofariki aliacha michoro yake inayoonyesha namna ukumbi ungeweza kuezekwa siku za mvua. Hadi leo haujaezekwa.